Ombi Moja kwa Jini: Historia Fupi ya Neno "Safi" katika Istilahi za Nishati

Katika hadithi nyingi zinazosimuliwa pwani hutokea kwamba mtu mnyonge, baada ya kupata taabu nyingi, hukutana na jini mwenye uwezo usio na mpaka, naye huambiwa aombe jambo moja tu. Aghalabu mtu huyo huangamia, si kwa sababu jini amemdanganya, bali kwa sababu ametimiziwa maneno yake kama alivyoyatamka. Jini husikiliza neno, nia haimhusu. Hadithi hizo huhesabiwa kuwa za kuwafurahisha watoto, lakini kwa watu wa kazi yetu ni mafunzo makubwa. Anayeunda istilahi humwandalia mwenziwe maneno ya kuombea, na maneno yakiwa na kasoro, ombi nalo litakuwa na kasoro.

Taifa linalotafuta umeme lafanana na mtu huyo. Umeme huleta nuru, huendesha viwanda, hupandisha maji mlimani na kuhifadhi dawa zisiharibike. Ni vitu vichache sana vilivyompa binadamu uwezo mkubwa kiasi hicho. Na katika siku hizi ombi la mataifa karibu yote limekuwa moja, nalo ni kupata nishati safi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyofika kwenye ombi hilo, na kuuliza kama maneno yake yametimia. Hatulipingi ombi lenyewe. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba neno "safi", likisimama peke yake, huficha bei. Na bei iliyofichwa hulipwa na yule asiyeulizwa.

Majina ya awali

Wazee wetu walipokutana na nguvu mpya waliiita kwa kile walichokiona. Umeme ni ule mmweko wa mawinguni wakati wa mvua. Jina hilo likahamishwa kwenye nguvu iendayo ndani ya waya. Jirani zetu wa Kenya husema pia stima, neno lililotokana na mvuke wa mashine, ambalo pwani lilikuwa jina la meli kabla ya kuwa jina la taa. Makaa yaliyochimbwa ardhini yaliitwa makaa ya mawe, ili yatofautishwe na mkaa wa miti. Mafuta yaliyotiwa katika kandili yaliitwa mafuta ya taa. Majina hayo yote yana sifa moja: humwambia msikilizaji kitu kimetoka wapi au chafanya kazi gani. Hakuna hata moja linalosifu wala kulaumu.

Baadaye palihitajika neno la jumla. Neno nguvu lilikuwa limebeba mzigo mkubwa mno, kwani lilitumika kwa nguvu za mwili, nguvu za dola, na nguvu za dawa. Wataalamu wa sayansi wakalitwaa neno kani kwa ajili ya msukumo na mvuto, na neno nishati, lenye asili ya Kiarabu na lililohusiana na uchangamfu, likapewa maana ya uwezo wa kufanya kazi. Huko Kenya neno kawi, nalo lenye asili ya Kiarabu, lilishika nafasi hiyo hiyo. Hapa kwetu nishati liliingia hata katika majina ya wizara. Na Wizara ya Nishati na Madini ilipogawanywa mwaka 2017, nishati ilibaki na wizara yake yenyewe.

Maji yaliyofungwa

Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1908, zama za Wajerumani, nao ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni. Baada ya Uhuru serikali iliyageukia maji ya mito. Kituo cha Hale katika mto Pangani kilianza kazi mwaka 1964, chenye uwezo wa megawati 21. Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, kilianza mwaka 1975, na kufikia mwaka 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Mwaka huo huo wa 1980 bwawa la Mtera lilikamilika juu yake, ili liweke akiba ya maji ya Kidatu; kituo cha Mtera chenyewe, chenye megawati 80, kilifuata mwaka 1988.

Lugha ilikwenda sambamba na kazi hiyo. Neno bwawa, ambalo kwa asili ni maji yaliyotuama yenyewe, lilipanuliwa likawa na maana ya maji yaliyozuiwa na ukuta. Gridi ya taifa likawa neno la kawaida. Na ukame ulipopunguza maji ya Mtera, hasa mwaka 2006, kila nyumba ya mjini ililijua neno mgawo. Msomaji na alitazame neno hilo kwa makini. Kwa asili mgawo ni fungu la haki ampatalo kila mtu katika kitu kilichopo. Katika umeme liligeuka kuwa jina la saa ambazo mtu hapati kitu. Fungu likawa ukosefu, na wengi wetu hatukuona kwamba neno limepinduka.

Upungufu huo ulikuwa na upande mwingine. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, unapopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Lawama ziliwaangukia wakulima na wafugaji wa bonde la Usangu, lililo juu ya hifadhi hiyo, na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa bondeni. Hoja iliyotolewa ilikuwa kulinda vyanzo vya maji, pamoja na maji ya mabwawa. Baadhi ya wataalamu walieleza kwamba jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu yake katika upungufu. Sisi si wahandisi, wala hatudai kuamua shauri hilo. Twasema tu kwamba balbu ilipowaka Dar es Salaam, mfugaji aliyekuwa akihama na ng'ombe wake alikuwa ndani ya bei ya nuru ile, na hapakuwa na neno katika ankara lililomtaja.

Habari ya Kihansi

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa mto Kihansi, ambao huteremka kutoka safu ya Udzungwa na kuingia katika bonde la Kilombero. Maji yake huanguka kwa mamia ya mita katika korongo jembamba, na mahali kama hapo ni tunu kwa mhandisi, kwa sababu maji machache huweza kuzalisha umeme mwingi bila kuhitaji bwawa kubwa. Hapakuwa na haja ya kuhamisha maelfu ya watu, na moshi haungekuwapo. Kama pamewahi kupatikana umeme ambao mtu angethubutu kuuita safi bila kusita, ulikuwa huu.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walimkuta katika korongo lile chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mwenye urefu usiozidi sentimita mbili au tatu. Chura huyo hatagi mayai. Huzaa watoto walio kamili. Hakujulikana kuwapo mahali pengine popote duniani. Aliishi katika hekta chache za majani yaliyoloweshwa mchana na usiku na rasharasha za maporomoko.

Kituo chenye megawati 180 kilianza kazi kati ya mwaka 1999 na 2000. Karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yaliingizwa katika mahandaki ya kituo, na rasharasha zikakoma. Ndipo yalipofanyika mambo mawili ambayo wapangaji wa awali hawakuyatia katika hesabu. La kwanza, mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa ili kuiga kazi ya maporomoko. La pili, vyura wapatao 500 walichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 wakapelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama, zikiwamo zile za Bronx na Toledo. Haikuwa hadhari ya bure. Mwaka 2003 idadi ya vyura waliobaki korongoni iliporomoka kwa ghafla, na ugonjwa wa kuvu ushambuliao ngozi ya vyura umehusishwa na msiba huo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika mazingira yake ya asili. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wa waliohamishwa walirudishwa nchini na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura waliachiliwa tena korongoni.

Wapo waliocheka: chura ni nini mbele ya megawati 180? Swali hilo halifai kupuuzwa, kwa maana umeme wa Kihansi umewasha taa hospitalini na kuendesha mashine za kusaga nafaka. Lakini tukiliangalia kwa jicho la historia, kosa halikuwa kuchagua umeme. Mwaka 1969, Mpango wa Pili wa Maendeleo ulipotolewa, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Na achaguaye lazima aone vitu viwili mkononi. Kihansi kilionekana kimoja tu, kwa sababu cha pili kilikuwa hakijapewa jina.

Safi kwa nani?

Yafaa sasa tulitendee haki neno letu. Neno safi halikuja kwa hila. Mama apikaye kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huvuta moshi kila siku, na moshi huo huua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo. Katika usemi huu neno safi lina maana kamili, kwa kuwa limefungwa kwenye kazi iliyotajwa: kupikia. Uchafu unaoondolewa waonekana, na anayeepushwa nao ajulikana.

Shida huanza tunaposema nishati safi na kunyamaza. Hapo safi huwa hukumu isiyo na shauri. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Halitoi moshi wa dizeli, na limeipunguzia nchi adha kubwa ya mgawo. Lakini mkulima wa Rufiji aliyezoea kilimo cha mlau, yaani kupanda katika udongo ulioachwa na mafuriko yanaporudi nyuma, hutegemea kupanda na kushuka kwa mto, na sasa kupanda na kushuka huko kuna mkono wa mwendesha bwawa. Kwake safi maana yake nini?

Wala si maji peke yake. Betri nyingi za magari ya umeme huhitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya machimboni. Wachimbaji wadogo, baadhi yao watoto, wameshuka katika mashimo hayo kwa mikono mitupu. Gari lililopita Ulaya bila moshi limeacha vumbi katika kifua cha mtu ambaye, tungekutana naye, tungeamkiana kwa lugha moja.

Mapendekezo

Wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Kazi ya istilahi si kukiondoa kizuri. Ni kuiwekea ila jina, ili ihesabiwe. Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa waandishi, wafasiri na watumishi wa serikali.

Kwanza, neno safi lisisimame peke yake katika maandishi ya kitaalamu. Iandikwe nishati safi ya kupikia, au umeme usio na moshi, au umeme usiotoa hewa ya ukaa katika uzalishaji wake, kwa kadiri ya jambo linalokusudiwa. Pili, nishati jadidifu, yaani ile ambayo chanzo chake hujirudisha, isichanganywe na nishati safi. Mto hujirudisha, chura aliyetoweka hajirudishi. Tatu, maji yanayoachwa yapite kwa ajili ya viumbe na watu wa chini ya bwawa yapewe jina lake. Sisi twapendekeza stahili ya mto. Mtu asemaye "tumeubakishia mto maji" ajisikia mkarimu. Asemaye "tumeulipa mto stahili yake" akiri kwamba alikuwa na deni.

Tunajua kwamba jina halifungui lango la bwawa wala halimtoi mtoto shimoni. Hata hivyo, mpango huandikwa kwa maneno kabla ya kujengwa kwa saruji, na katika ukurasa ule wa kwanza ndipo kitu kisicho na jina hupotea. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi, hasa wale wanaoishi kando ya Kilombero, Ruaha na Rufiji, ambao huenda wanayo majina yaliyo bora kuliko yetu, wanaombwa watuandikie.