Bendi Mbili za Wi-Fi: Historia ya Ruta ya Nyumbani

Ruta ya bendi mbili husambaza intaneti nyumbani kwa mawimbi ya redio ya masafa mawili kwa wakati mmoja: GHz 2.4 na GHz 5. Anayewasha simu yake huona majina mawili ya mtandao, au jina moja linalobeba bendi zote mbili. Bendi hizo hazikubuniwa zifanye kazi pamoja. Kila moja ina asili yake, na zilikutana ndani ya kifaa kimoja baada ya miongo kadhaa ya maamuzi ya serikali, kazi ya maabara na ushindani wa kibiashara.

Bendi ya GHz 2.4 ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1945, Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, alitambua kuwa mawimbi ya mitambo ya rada yanaweza kupasha chakula joto. Miaka miwili baadaye, mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Atlantic City ulitenga masafa ya karibu na GHz 2.45 kwa ajili ya mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba, zikiwemo tanuri za mikrowevu. Mashine hizo huvujisha mawimbi, hivyo mtu yeyote aliyetaka kutumia bendi hiyo kwa mawasiliano alilazimika kuvumilia kelele zake. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa bendi ya thamani ndogo.

Wakati huohuo, wazo la kuunganisha kompyuta bila waya lilikuwa likikua mahali pengine. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio kupitia mtandao wa ALOHAnet. Vituo vyote vilitumia masafa yaleyale. Taarifa mbili zilipogongana, kila kituo kilisubiri muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena. Wi-Fi ya leo imerithi kanuni hiyo ya kusubiri, ikaongeza sharti la kusikiliza kwanza kama njia iko wazi.

Mlango ulifunguliwa tarehe 9 Mei 1985. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikisukumwa na mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu mtu yeyote kutumia bendi tatu bila leseni, mojawapo ikiwa ya GHz 2.4. Masharti yalikuwa nguvu ndogo na mbinu ya kutawanya mawimbi katika upana mkubwa wa masafa, mbinu ambayo hapo awali ilitumiwa zaidi na majeshi. Uamuzi huu unastahili heshima kubwa: bila huo, kila nyumba yenye ruta ingehitaji kibali cha redio.

Walioitumia nafasi hiyo mapema walikuwa watengenezaji wa mashine za malipo madukani. Kampuni ya NCR ilitaka duka liweze kupangwa upya bila kung'oa nyaya, na wahandisi wake nchini Uholanzi wakatengeneza mtandao wa WaveLAN. Mmoja wao, Vic Hayes, aliongoza kamati ya taasisi ya wahandisi ya IEEE iliyoandaa kiwango cha pamoja. Kiwango hicho, 802.11, kilitolewa mwaka 1997 kikiwa na kasi isiyozidi megabiti 2 kwa sekunde.

Mwaka huohuo, FCC ilifungua MHz 300 katika bendi ya GHz 5 kwa matumizi yasiyo na leseni. Safari hii bendi ilitengwa mahsusi kwa ajili ya mitandao ya data. Mwaka 1999 vikatoka viwango viwili kwa mpigo: 802.11b, cha GHz 2.4 na megabiti 11 kwa sekunde, na 802.11a, cha GHz 5 na megabiti 54. Kasi ya 802.11a ilitokana na kugawa data katika vijito vingi vinavyokwenda sambamba, ili mwangwi wa mawimbi yanayogonga kuta usiviharibu. Tatizo hilo la mwangwi lilikuwa limeshughulikiwa pia Australia, ambako kundi la John O'Sullivan katika shirika la CSIRO, lenye uzoefu wa kuchunguza anga kwa redio, liliomba hataza mwaka 1992.

Hata hivyo, kiwango cha kasi ndogo ndicho kilichoshinda. Vifaa vya 802.11b vilikuwa rahisi kutengeneza na mawimbi yake yalifika mbali zaidi. Julai 1999 Apple ilizindua kompyuta mpakato ya iBook iliyoweza kutumia kiwango hicho, na jina la Wi-Fi likaanza kuenea.

Ushindi huo ulileta msongamano. Bendi ya GHz 2.4 ina upana wa takriban MHz 83 tu, na humo chaneli zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye ruta nyingi, chaneli hizo hugombaniwa na majirani, Bluetooth na mikrowevu.

Mwaka 2003, mkutano wa kimataifa wa redio mjini Geneva ulitenga MHz 455 za bendi ya GHz 5 kwa mitandao ya aina hii duniani kote, kwa sharti kwamba katika sehemu ya bendi hiyo ruta isikilize rada na kuhama chaneli inapoisikia. Mwaka 2009 kiwango cha 802.11n kilikubali bendi zote mbili na kutumia antena kadhaa kwa pamoja. Kiwango cha 802.11ac kilichofuata kilifanya kazi kwenye GHz 5 peke yake. Kwa kuwa vifaa vya zamani bado vilihitaji GHz 2.4, watengenezaji waliweka redio mbili ndani ya ruta moja, na muundo huo ukawa wa kawaida.

Mwaka 2009 pia ndipo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ya kasi ikaanza kuingia majumbani.

Tofauti ya bendi hizi huonekana kwenye kuta. Wimbi la GHz 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi, na la GHz 5 karibu nusu yake. Wimbi fupi hudhoofika haraka zaidi likipita kwenye zege au kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe za miji ya kale ya pwani, lakini bendi yake pana hubeba data nyingi. Kwa hiyo GHz 5 hufaa televisheni na kompyuta zilizo karibu na ruta, na GHz 2.4 hufaa vyumba vya mbali, kamera na taa zinazoendeshwa kwa simu. Ruta nyingi huhamisha vifaa zenyewe kati ya bendi hizo.

Mwaka 2020 FCC iliongeza MHz 1,200 katika bendi ya GHz 6, na ruta za bendi tatu zikafuata. Hata hizo zimebaki na GHz 2.4, kwa sababu hadi leo ndiyo bendi inayopenya kuta vizuri zaidi kati ya hizo tatu.