Dacar ilipimwa wapi?

Kisomali mmea huu unaitwa dacar. Waswahili wanauita mshubiri, na utomvu wake, shubiri, ndio tunaoutaja tukitaka kusema kitu ni kichungu kupindukia. Zamani utomvu huo ulichemshwa ukagandishwa, ukauzwa ng'ambo kama dawa ya kuharisha. Leo Garissa unauziwa krimu yenye picha ya jani lake, na muuzaji anakuapia kwamba inaponya soriasisi, ati imethibitishwa.

Habaryar wangu ana soriasisi. Magamba meupe viwikoni na magotini, na watu wanaositasita kumpa mkono ingawa ugonjwa wenyewe hauambukizi. Chuo niliacha, kusoma sikuacha, kwa hivyo nilienda kutafuta huo uthibitisho.

Upo. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Pakistan. Wagonjwa 60 waligawanywa mara mbili: nusu wakapaka krimu yenye dondoo ya Aloe vera, asilimia 0.5, nusu wakapaka krimu tupu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani ana ipi. Waliopona upande wa dawa ni 25 kati ya 30. Upande wa krimu tupu, 2. Nani asingefurahi?

Lakini stori haikuishia hapo. Mwaka 2005 Wadenmaki walitoa yao. Wagonjwa 41 walipaka jeli ya Aloe vera upande mmoja wa mwili na jeli tupu upande wa pili, mara mbili kwa siku, wiki nne. Upande wa aloe, asilimia 72.5 ya sehemu zilizopakwa zilipata nafuu. Upande wa jeli tupu? 82.5. Yaani kisicho dawa kiliishinda dawa! Mimi naona ngozi kavu ya soriasisi hufurahia chochote kinachoilainisha, na wauzaji wamechagua kukumbuka 1996 peke yake.

Tena tazama kilichopimwa. Ni Aloe vera, ile ya mashambani, na katika Denmark ni jeli ya ndani ya jani, si ule utomvu wa manjano wa chini ya ganda. Mshubiri wa porini uliozoeleka Kenya ni Aloe secundiflora, mmea mwingine kabisa. Habaryar alinunua matumaini ya jani la watu wengine.

Na huyu wa kwetu ana kesi yake. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, maana ilikuwa ikimalizwa na biashara ya utomvu. Biashara haikufa, ilijificha tu, na mvunaji akabaki na bei ya magendo. Kanuni za kuihalalisha zilikuja 2007. Kimataifa, mkataba wa CITES unadhibiti mishubiri yote isipokuwa mmoja, Aloe vera, uliotolewa kwenye orodha mwaka 1994. Wa Pakistan na Denmark huvuka mpaka bila kibali cha CITES. Wa kwetu, hata ukipelekwa maabara ya ng'ambo kupimwa, utaanzia kwenye foleni ya kibali.