Uhandisi, miaka ya mwanzo ya kazi (Kasongo na Kabambare)

Miaka ya mwanzo ya kazi ya uhandisi ni kipindi kinachoanzia siku mhandisi anapopokea shahada hadi siku anapokabidhiwa kazi aisimamie na kuitolea hesabu peke yake. Katika nchi nyingi kipindi hicho hugawanyika mapema katika njia mbili: njia ya viwanda, ambamo mhandisi hulipwa ili mtambo, barabara au mgodi ufanye kazi, na njia ya utafiti, ambamo hulipwa ili afundishe chuoni na kuchunguza mambo yasiyojulikana bado. Katika teritware za Kasongo na Kabambare, yaani vitengo viwili vya utawala vilivyo kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, njia hizo hazijapata kutengana sawasawa, kwa kuwa ajira kubwa ya kihandisi imetegemea mgodi, na mgodi ukifungwa hakuna kiwanda cha pili cha kumpokea anayeanza. (Kasongo inayozungumziwa hapa isichanganywe na Kasongo-Lunda ya jimbo la Kwango.)

Ufundi wenyewe si mgeni katika nchi hiyo. Kasongo ilikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji, na miji ya namna hiyo haikujengwa bila waashi, maseremala na wahunzi. Baada ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo kuiteka Kasongo mwaka 1893, kazi kubwa ziliongozwa na wahandisi walioletwa kutoka Ulaya. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilifungua njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo mwaka 1911, lakini Wakongo walioijenga na kuiendesha hawakuandaliwa kuwa wahandisi wake. Elimu ya juu haikuwafungukia hadi Chuo Kikuu cha Lovanium kilipoanzishwa Léopoldville mwaka 1954, kikafuatwa na kile cha Élisabethville kilichofungua milango mwaka 1956, yaani miaka minne tu kabla ya uhuru.

Mwaka 1976 kampuni tisa za madini za Kivu, ambayo wakati huo ilijumuisha Maniema, ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni hiyo ilianza kudhoofika, na mwaka 1997 ikavunjwa. Hasara iliyozungumziwa zaidi ni ya mishahara, hospitali na shule za kampuni, lakini hasara nyingine, isiyoonekana upesi, ilikuwa kukatika kwa mnyororo wa wahandisi wakongwe ambao kijana angeweza kufanya kazi chini yao.

Anayetoka Kasongo au Kabambare huanza na mtihani wa serikali, ambao ndio mlango wa elimu ya juu, kisha huchagua kati ya vyeo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Mhandisi fundi alisoma kwa kawaida miaka mitatu katika taasisi za ufundi kama ISTA, naye hutarajiwa kuendesha na kutengeneza mitambo. Mhandisi wa kiraia alisoma miaka mitano katika kitivo cha politekiniki, na licha ya jina lake hafungwi na ujenzi tu, maana anaweza kuwa mtu wa madini, metalujia au umeme. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vya Kongo vimeanza kuhamia mfumo wa LMD, wenye ngazi za leseni, masta na daktari. Vitivo vya politekiniki vyenye historia ndefu viko Kinshasa na Lubumbashi, hivyo kijana wa Maniema ya kusini huondoka kwao miaka mingi kabla ya kuanza kazi, na wengi hupata staji, yaani mafunzo ya kazini, karibu na chuo, katika migodi ya shaba ya Katanga, ambako mawe, mitambo na hata desturi za kazi ni tofauti na za kwao.

Mahali ambapo njia ya viwanda imeonekana waziwazi zaidi ni Namoya, mgodi wa dhahabu ulio Salamabila katika teritware ya Kabambare, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya ukanda wa madini unaoanzia Twangiza, Kivu Kusini. Kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara hapo Januari 2016. Mpango wa kwanza ulikuwa kutumia njia mchanganyiko, lakini udongo laini ulizidi katika mbale, yaani mawe yenye madini, ukaisumbua mitambo, na kazi ikageuzwa kuwa ya kuchuja dhahabu kwenye lundo peke yake. Katika njia hiyo mbale husagwa, huchanganywa na simenti na maji ndani ya pipa kubwa linalozunguka ili vumbi lishikamane na vipande vikubwa, kisha hurundikwa juu ya sakafu iliyotandikwa plastiki nzito. Maji yenye sianidi hudondoshwa taratibu juu ya lundo, yakishuka huyeyusha dhahabu, na dhahabu hiyo hunaswa baadaye kwa kaboni.

Kazi ya mhandisi wa metalujia anayeanza katika mgodi wa aina hiyo haina fahari, nayo ni shule kamili. Huchukua sampuli kila zamu, huzungusha mbale iliyosagwa ndani ya chupa zenye sianidi ili ajue ni dhahabu kiasi gani inayeyuka, hujaza safu za majaribio na kuzingoja kwa wiki nyingi, na hupima pH mara kwa mara, kwa sababu ikishuka chini ya 10 hivi sianidi huanza kugeuka gesi yenye sumu, na chokaa ndiyo inayoizuia. Mvua za Maniema humwongezea somo jingine: maji ya mbinguni hupunguza nguvu ya mchanganyiko na kujaza mabwawa, hata hesabu ya maji ikawa na uzito sawa na hesabu ya dhahabu. Kila kimoja kati ya vipimo hivyo kingeweza kuwa sura ya tasnifu, na hapo ndipo kiwanda na utafiti hukutana.

Kisheria, anayeanza hulindwa na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, inayoweka kikomo cha miezi sita kwa muda wa majaribio wa mfanyakazi mwenye taaluma. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, iliyokusudiwa kuwapa Wakongo sehemu ya kazi za kampuni kubwa, inamfungulia mhandisi kijana mlango mwingine, wa kuajiriwa na mkandarasi badala ya mgodi wenyewe. Mlango huo una thamani, ila mkandarasi mdogo mara nyingi hana mhandisi mkongwe wa kumwongoza kijana, na mkataba wake huisha kazi inapoisha.

Salamabila pia imeonyesha hatari ya kutegemea ajira moja. Mivutano kati ya kampuni na wachimbaji wadogo waliodai maeneo yao, pamoja na mashambulizi ya makundi yenye silaha, ilisababisha shughuli za Namoya kusimamishwa Septemba 2019. Mhandisi mkongwe hubeba jina lake hadi mgodi mwingine. Mwenye mwaka mmoja au miwili ya kazi hubeba barua ya ajira tu, na hilo ni pigo ambalo takwimu za uzalishaji haziwezi kulionyesha.

Nje ya mgodi zipo kazi ndogondogo ambazo hazipaswi kudharauliwa: madaraja na mifereji ya barabara za udongo, visima, minara ya simu, paneli za sola za vituo vya afya. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeziongezea uzito, kwa kuwa inaupa utawala wa mahali asilimia 15 ya mrabaha wa madini, na inaidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakazi. Fedha hizo zinapopatikana huhitaji mtu wa kuchora, kukadiria gharama na kukagua saruji, na kijana anayeanzia hapo hukabidhiwa dhamana mapema kuliko mwenzake wa mgodini.

Njia ya utafiti ina ngazi zake: asistenti, ambaye huteuliwa chuoni na kufundisha chini ya profesa, mkuu wa kazi, anayeongoza mazoezi na maabara, kisha, baada ya udaktari, profesa mshiriki na hatimaye profesa kamili. Ngazi ya kwanza ndiyo nzito kuipita, kwa maana asistenti huweza kukaa miaka mingi akifundisha bila fedha za kwenda uwandani wala maabara ya kupimia alichokusanya. Wapo wanaosaidiwa na ushirikiano na Jumba la Makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, lenye ramani na kumbukumbu nyingi za jiolojia ya Kongo, au na kituo cha utafiti cha Lwiro karibu na Bukavu, kilichoanza mwaka 1947.

Dhana kwamba utafiti mzito hauwezi kufanyika Kasongo haina msingi. Katika miaka ya 1970 watabibu wa Kasongo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, walifuatilia chanjo ya surua na vifo vya watoto, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet na kujadiliwa duniani kote. Walifaulu kwa sababu huduma ya kila siku na uchunguzi vilifanywa na watu walewale, mahali palepale, kwa miaka mfululizo. Uhandisi wa Maniema ya kusini haujapata bado mradi wa namna hiyo, ingawa sampuli za miamba zilizotobolewa Namoya zingetosha kuwafundisha wanafunzi wengi wa jiolojia na metalujia kama zingefunguliwa kwa vyuo.

Majirani wameushughulikia uangalizi wa mhandisi anayeanza kwa sheria. Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi imeendesha tangu mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, ambamo mhitimu huwekwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Nchini Kenya pia mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hutakiwa kufanya kazi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuwa mhandisi kamili. Kongo inayo tayari chombo cha kuanzia, nacho ni daftari la majukumu ambalo Sheria ya Madini inaitaka kila kampuni ikubaliane na jamii inayoizunguka. Viongozi wa Kabambare na Kasongo watakaokaa tena kujadili daftari hilo wadai, pamoja na madarasa na zahanati, nafasi za staji zenye msimamizi anayetajwa kwa cheo chake, na ruhusa ya vyuo kutumia sampuli za mgodi.