Gundi Waliyonyimwa Wanafunzi

Wenye watoto shuleni huku ughaibuni mnajua: mtoto akipewa kazi ya kuunda sanamu, kitu cha kwanza anachodai ni gundi. Yupo mwalimu mmoja katika historia aliyeanza somo kwa kuiweka gundi kando.

Huyo ni Josef Albers wa chuo cha Bauhaus, Ujerumani, kilichofunguliwa Weimar mwaka 1919, kikahamia Dessau 1925 na kufungwa Berlin 1933 kwa shinikizo la Wanazi. Mwanafunzi wake, Hannes Beckmann, alisimulia jinsi Albers alivyowagawia magazeti na kuwataka waunde kitu, ikiwezekana bila mkasi wala gundi. Aliporudi alikuta ngome, ndege na wanyama. Hakuvutiwa, vitu hivyo, alisema, vingetoka vizuri zaidi kwa malighafi nyingine. Akaisifu kazi ya kijana aliyekunja tu karatasi yake ikasimama wima kwa ukingo wake mwembamba.

Sisi wahandisi tunaielewa sifa hiyo. Karatasi hulegea kwa kuwa ni nyembamba. Mkunjo huipa kina, na kina huipa ugumu. Ndiyo siri ya mabati ya migongo yanayoezeka nyumba zetu, ambayo Henry Robinson Palmer aliyapatia hataza London mwaka 1829. Gundi ingeushika mkunjo, lakini isingemfundisha kijana nguvu inapita wapi.

Mwaka 1933 Albers alikwenda Marekani, akafundisha Black Mountain College, na kuanzia 1950 chuo kikuu cha Yale. Huko alimfundisha Eva Hesse, aliyehitimu 1959. Baadaye Hesse alipaka vitambaa utomvu wa mpira, ambao pia hutumika kama gundi, na kutumia faibaglasi. Hewa na mwanga huugeuza utomvu huo rangi, ukakakamaa na kuvunjika. Kazi yake Expanded Expansion ya 1969 ilikaa miaka 35 bila kuonyeshwa, hadi jumba la Guggenheim, New York, lilipoitoa tena mwaka 2022. Hesse, aliyefariki 1970 akiwa na miaka 34, alijua mpira hautadumu, na akauchagua hata hivyo.

Mwalimu na mwanafunzi walipita njia mbili, lakini wote waliijua tabia ya kitu walichokishika. Basi mtoto akiomba gundi, tumuulize kwanza: bila gundi kitasimamaje? Na gundi yenyewe itakuwaje baada ya miaka ishirini? Gazeti la jana linatosha kuanzia.