Kutoka Maji ya Bomba hadi Jeni ya CAMK2A

Katika mkono mrefu wa kromosomu ya 5 ya binadamu ipo jeni iitwayo CAMK2A, ambayo hubeba maelekezo ya kuunda kinasi ya protini inayotegemea kalsiamu. Kinasi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, na kazi yake mahususi ni kuchukua fosfati kutoka katika molekuli ya ATP, inayoipatia seli nishati, na kuibandika kwenye protini nyingine, ili protini hiyo ianze kazi, iache kazi au ibadili mwenendo wake. Kinasi hii hutulia mpaka kiwango cha kalsiamu ndani ya seli kinapopanda, nayo imejaa katika ubongo, hasa katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kujifunza na kuweka kumbukumbu, ambako inakadiriwa kufikia asilimia 2 ya protini yote. Kufahamika kwake kulichukua zaidi ya miaka 100, na katika hatua mbili muhimu kabisa za safari hiyo kalsiamu iliingia maabara bila kualikwa, ikagunduliwa na watu waliokataa kulipuuza jambo dogo lililovuruga majaribio yao.

Hatua ya kwanza ilipigwa London, ambako Sydney Ringer, tabibu na mwalimu wa University College, alikuwa akichunguza ni chumvi zipi zinazouwezesha moyo wa chura kuendelea kudunda baada ya kutolewa mwilini. Mwaka 1882 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba moyo huo ulidunda vizuri katika maji ya chumvi, lakini baadaye akabaini kwamba maji hayo hayakuwa yamekenekwa, yaani hayakuwa yametokana na mvuke uliopozwa, bali yalikuwa maji ya bomba yaliyosambazwa na kampuni ya New River. Alipolirudia jaribio kwa maji yaliyokenekwa, mapigo yalififia na moyo ukasimama baada ya dakika 20 hivi. Alipoongeza chumvi ya kalsiamu, mapigo yakarejea. Katika makala ya mwaka 1883 Ringer alisahihisha hadharani aliyoyaandika awali na kuthibitisha kwamba msuli wa moyo hauwezi kujikaza bila kalsiamu. Dripu yenye jina lake, ambayo baadaye iliongezwa laktati, ingali ikitundikwa kando ya vitanda vya wagonjwa hospitalini, Afrika Mashariki ikiwemo.

Kwa miongo mingi baada ya hapo kalsiamu iliendelea kuhesabiwa hasa kuwa madini ya mifupa na meno, ingawa Lewis Heilbrunn wa Philadelphia alisisitiza kwamba ndiyo inayoamsha shughuli za seli, na mwaka 1947, akishirikiana na Floyd Wiercinski, alionyesha kwamba kalsiamu ikidungwa ndani ya uzi wa msuli, uzi huo hujikunyata. Hata hivyo haikujulikana ni kitu gani ndani ya seli kinachoipokea kalsiamu na kuitii, mpaka miaka ya 1960, Setsuro Ebashi na wenzake wa Tokyo walipoitambua troponini, protini ya msuli inayoshikamana na kalsiamu na kuruhusu msuli ujikaze.

Hatua ya pili ilipigwa Seattle katikati ya miaka ya 1950. Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakichunguza fosforilesi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, ambayo ni sukari iliyohifadhiwa katika msuli na ini. Kutokana na kazi ya Carl na Gerty Cori ilikuwa imejulikana kwamba fosforilesi ina hali mbili, moja ikiwa tendaji na nyingine ikiwa tulivu. Katika utaratibu wa akina Cori majimaji ya msuli yalipitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, na fosforilesi tendaji ikapatikana. Fischer na Krebs walipoiacha karatasi na kutumia mashine ya kuzungusha kwa kasi, walipata ile tulivu peke yake. Badala ya kurudi kwenye utaratibu wa zamani na kuendelea na kazi, walitafuta sababu, wakaikuta ndani ya karatasi yenyewe: ilikuwa na mabaki ya kalsiamu yaliyoingia katika majimaji wakati wa kuchuja. Kalsiamu hiyo, pamoja na ATP, ndiyo iliyokiwezesha kimeng'enya kingine kuibandika fosfati kwenye fosforilesi na kuifanya itende kazi. Kwa kugundua kwamba kubandika na kubandua fosfati ndiyo njia ya seli ya kuziongoza protini zake, wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Pengo lililobaki lilikuwa kati ya kalsiamu na kinasi za ubongo. Mwaka 1970 Wai Yiu Cheung huko Memphis na Shiro Kakiuchi huko Osaka, kila mmoja kwa njia yake, walitambua protini ndogo ambayo baadaye iliitwa kalmodulini. Protini hiyo hubeba kalsiamu katika nafasi nne, hubadili umbo, kisha huvishika vimeng'enya mbalimbali na kuviamsha. Mwaka 1978 Howard Schulman na Paul Greengard wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba katika tando za seli za ubongo ubandikaji wa fosfati unaoamshwa na kalsiamu hauwezekani bila kalmodulini, na mwaka 1983 Mary Kennedy na wenzake walionyesha kwamba kinasi ya aina hiyo ndiyo protini kuu katika tabaka nene lililo upande wa kupokea wa sinapsi, mahali ambapo seli moja ya neva huipasha nyingine habari.

Kinasi hiyo ilikuwa na tabia iliyowashangaza wachunguzi. Molekuli yake huundwa na vipande 12 hivi vilivyopangwa katika pete mbili, na kalsiamu inapopanda, kipande kimoja hukibandikia jirani yake fosfati kwenye asidi amino iitwayo threonini, iliyo katika nafasi ya 286. Baada ya hapo kipande kilichobandikwa fosfati huendelea kufanya kazi hata kalsiamu ikishashuka. Mwaka 1985 John Lisman alikuwa amependekeza kwamba kinasi inayojiendesha namna hiyo ingeweza kuwa swichi ya kumbukumbu, na mwaka 1986 Stephen Miller na Kennedy walithibitisha tabia hiyo katika kimeng'enya hiki.

Jeni yenyewe ilianza kusomwa mwaka 1987, ikitokana na panya wa maabara. Mwaka 1992 Alcino Silva, Susumu Tonegawa na wenzao waliripoti kwamba panya walioondolewa jeni hiyo walishindwa kujifunza mahali lilipofichwa jukwaa chini ya maji, na mwaka 1998 ilionekana kwamba kubadilisha ile threonini moja tu kulitosha kuwazuia panya kujifunza. Mwaka 2017 mabadiliko katika CAMK2A na jeni ndugu yake, CAMK2B, yalihusishwa na ulemavu wa akili kwa binadamu, yakiwa mara nyingi mabadiliko mapya ambayo wazazi hawakuwa nayo. Familia zilizohusika zikapata jibu.

Mjadala kuhusu jinsi kinasi hii inavyofanya kazi haujafungwa, kwa maana utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuimarika kwa sinapsi huanzishwa na namna kinasi hii inavyojishikiza kwenye kipokezi kilicho katika sinapsi hiyo, wala si na ubandikaji wake wa fosfati kwenye protini nyingine. Lakini hukumu ya historia ni bayana. Kama Ringer angeyaacha maji ya bomba yapite bila kuulizwa, na kama Fischer na Krebs wangeirudisha karatasi yao kimyakimya, elimu hii ingechelewa sana. Kwa hiyo anayefundisha sayansi leo na awafundishe wanafunzi wake kuandika kila kinachoingia katika jaribio, na jaribio likienda kombo, waulize kwa nini kabla ya kulitupa.