Gari Iliyochezewa: Kutoka Volvo ya 1965 Mpaka Subaru ya Karatu

Karatu mjini, mwezi wa nne. Masika imekolea, watalii wamepungua, na madereva wa watalii wana muda wa kushinda gereji wakipiga stori. Mara inaingia Subaru Impreza WRX ya bluu, namba C, ekzosi yake inanguruma mpaka watu wanatoka madukani kuangalia. Mwenye gari katoka Arusha, anauza.

Kijana mmoja dereva wa watalii anaizunguka mara tatu bila kusema kitu. Ana hela. Bakshishi za msimu mzima ameziweka benki bila kuzigusa, na mpango ulikuwa kununua kiwanja. Ila ile gari imeshamkaa kichwani.

Fundi mzee wa gereji anainama, anachungulia chini, anafungua boneti, anaangalia kama dakika kumi hivi. Halafu anatoa neno ambalo kila mnunuzi wa gari Bongo analiogopa.

"Mdogo wangu, hii imechezewa."

Basi hapo ndo ubishi ukaanza. Wapo wanaosema gari iliyochezewa usiiguse hata kwa bure. Wapo wanaosema hiyo ndo gari yenyewe, ya kiwandani ni ya wazee. Nani yuko sahihi? Ili kupata jibu, inabidi turudi nyuma kama miaka sitini hivi, kwenye barabara za huku huku.

RALI ILIYOPITA KWETU

Mwaka 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili anatawazwa Uingereza, wapenda magari wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano ya kusherehekea tukio hilo. Ndiyo yaliyokuja kujulikana dunia nzima kama Safari Rally. Wengi siku hizi wanajua ni ya Kenya tu. Ukweli ni kwamba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania.

Na Karatu haikuwa mbali na moto huo. Enzi hizo Karatu ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, na njia za Mbulu pamoja na mteremko wa Magara zilikuwa zinawatoa jasho madereva wakubwa. Mvua ikinyesha, ule udongo wetu unakuwa kama sabuni. Mwaka 1963 gari zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Mwaka 1968 ikajirudia vilevile, 7 tu.

Katikati ya miaka hiyo ndo kuna stori ambayo yule kijana wa Karatu alipaswa kusimuliwa.

MTUMBA ULIOSHINDA DUNIA

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta timu ya kiwanda kwenye Safari. Waliondoka bila ushindi. Moja ya gari zao, Volvo PV544, ilibaki huku. Gari imeshatumika kwenye rali, imeshaimarishwa kwa ajili ya rali, imeshapigwa na barabara zetu. Kwa lugha ya gereji ya leo: imechezewa na imechoka.

Aliyeichukua ni Joginder Singh, Mkenya mwenye asili ya India, ambaye baadaye mashabiki walimpachika jina la Simba wa Kenya. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia na mtumba huo, wakapambana na timu zenye hela na gari mpya. Wakashinda. Tena hawakushinda kwa sekunde, bali kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Sasa usikimbilie kusema "si mnaona, gari iliyochezewa ni dili". Subiri kwanza.

Joginder hakuwa mtu wa kupita tu. Alikua kwenye gereji, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Alijua ile Volvo ilitengenezwa na nani: kiwanda chenyewe. Alijua ilirekebishwa kwa kazi gani: barabara zilezile alizokuwa anaenda kuzikimbilia. Na kikiharibika kitu, mikono yake inajua pa kuanzia. Alinunua gari ambayo historia yake ilikuwa wazi.

LAND CRUISER NAZO SI ZIMECHEZEWA?

Halafu kuna kitu watu wa Karatu wanasahau. Hakuna mji Tanzania unaoishi na gari zilizochezewa kuliko huu. Zile Land Cruiser za watalii zinazopanga foleni kila asubuhi kwenye lango la Ngorongoro, hazikutoka Japan vile. Nyingi zimekatwa katikati, zikarefushwa, zikaongezewa viti, paa likatobolewa ili linyanyuke mzungu apige picha ya simba. Springi zimeongezwa, tangi la pili limewekwa.

Na bado watu wanapanda kwa amani na kushuka nazo kreta, zaidi ya mita 600 kutoka ukingoni mpaka chini.

Kwa nini hakuna anayeziogopa? Kwa sababu kila mtu anajua zilichezewa kwa ajili ya nini. Gereji iliyokata ipo Arusha, fundi wake anajulikana, na ikipata ufa kwenye chesisi unarudi palepale. Hayo ndiyo maswali mawili yaliyokuwa wazi kwenye Volvo ya Joginder: nani kaigusa, na kwa kazi gani.

TURUDI KWA SUBARU

Impreza WRX ilitoka Japan mwaka 1992, ikiwa na damu ya rali kabisa. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda Safari Rally akiwa na Impreza, na vijana wa Afrika Mashariki hawajawahi kupona ugonjwa huo mpaka leo.

Kule Japan watengenezaji walikuwa na makubaliano ya kutozidisha nguvu za farasi 280 kwenye gari zao, na yalidumu mpaka 2004. Injini nyingi zilikuwa zinaweza zaidi ya hapo. Kwa hiyo wenye gari wakawa wanajimalizia wenyewe: wanapandisha presha ya turbo, wanabadilisha ekzosi, wanaandika upya programu ya kompyuta ya injini. Baada ya miaka, ukaguzi wa lazima wa kule unakuwa gharama, gari inapelekwa mnadani, meli inaileta kwetu. Kenya haipokei gari zilizozidi miaka 8. Tanzania inapokea, ila unalipia ushuru wa uchakavu. Ndo maana wengi hawaagizi, wananunua ya mkononi iliyoshapita kwa watu wawili watatu hapa hapa nchini.

Na hapo ndo historia ya gari inapotea.

Gari iliyoandikwa programu Japan ilipangiwa petroli ya kule, ambayo daraja la juu linafika oktani 100. Ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko. Ukiipa injini iliyopandishwa presha petroli dhaifu, mafuta yanalipuka kabla ya muda wake, injini inagonga, pistoni inapasuka. Ongeza na mlima. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Hewa ni nyepesi, turbo inalazimika kuzunguka kwa nguvu zaidi ili itoe kilekile ilichotoa Dar. Gari iliyochezewa kwa ajili ya mwendo wa pwani inaweza kufia kwenye kona za Rhotia.

Kuna na suala la kuishusha. Ile Subaru ilikuwa imekatwa springi ikae chini, ipendeze. Kwenye lami ya Makuyuni mpaka langoni, iliyojengwa kwa msaada wa Japan mwanzoni mwa miaka ya 2000, sawa. Ila ukiiacha lami tu, kuna mashimo na matope. Na kabla ya Mto wa Mbu kuna ule mteremko wenye kona. Springi iliyokatwa kwa msumeno wa chuma na breki za zamani, pale si mahali pa kujaribia.

MAJIBU YA GEREJI

Basi kijana akamuuliza muuzaji: "Kaka, nani aliweka hii turbo?"

"Mi nilinunua hivyohivyo."

"Springi zake za mwanzo ziko wapi?"

"Hizo za nini tena? Hivi si ndo inapendeza?"

"Karatasi ya mnada ya Japan unayo?"

Jamaa akacheka. Karatasi ile ingemwambia mengi. Gari iliyowahi kupata ajali ikatengenezwa kule huandikwa R au RA kwenye daraja lake, na kwa namba ya chesisi mtu anaweza kuitafuta. Hapo mkononi kulikuwa na kadi ya gari tu, tena yenye jina la mtu mwingine.

Fundi akaomba ruhusa apime kompresheni. Silinda tatu zikasoma vizuri. Ya nne ikasoma chini sana. Mzee hakusema kitu, akamwonyesha kijana geji, akafuta mikono.

"Sasa mzee, nichukue nisichukue?"

"Mimi nimekuonyesha injini. Mfuko wako unaujua mwenyewe. Ila ungekuwa fundi kama mimi, ningekwambia ishushie bei ununue, tuifungue yote. Wewe utakuwa porini wiki nzima na wageni. Nani atakuwa anaifungua?"

Hilo ndo lilimkata maini. Ile ile Subaru, kwa fundi ingeweza kuwa dili la mwaka. Kwa mtu ambaye hela yake ni ya msimu mmoja na gereji ni ya kulipia, lilikuwa deni lenye rangi nzuri.

Subaru iliondoka jioni kuelekea Arusha. Kijana alisimama barabarani akiisikiliza mpaka mngurumo ukapotelea chini kule. Hakufurahi hata kidogo, na wenzake walimcheka wiki nzima kuwa ni muoga. Hela bado iko benki, kiwanja bado hajanunua, na kila ikipita WRX bado anageuka.

Haya wadau, semeni ukweli. Silinda moja iko chini, kadi ina jina la mtu mwingine, lakini mngurumo ule! Ungelipa au ungeiacha ipite?