Kujivika Uanaume

Tamthilia za Uingereza zina aina ya uhusika iliyopewa jina la suruali za zamani zinazoishia magotini. Mwigizaji wa kike huingia jukwaani kama msichana, kisha huvaa mavazi ya kiume, akabadili jina na kwenda asikoruhusiwa. Jina hilo lilishika baada ya 1660, wanawake walipokubaliwa kuigiza London. Kabla ya hapo, Portia wa Shakespeare alikuwa mvulana anayeigiza msichana anayejifanya wakili mwanamume! Riwaya za vituko ziliurithi ujanja huo, hadi kwa Éowyn, binti katika riwaya ya Tolkien, aliyekwenda vitani kwa jina la Dernhelm.

Tafsiri ya haraka ya jina hilo ni "uhusika wa suruali". Siipendi, hasa nikiwa Kampala: miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliwapiga wanawake marufuku kuvaa suruali, ilhali waliozivaa hawakuwa wakimficha mtu jinsia yao. "Kujigeuza" nako kunanukia uchawi. Anayejigeuza chui huwa chui kweli. Nachagua "kujivika uanaume", kwa kuwa mtu hujivika nguo, na hujivika pia cheo asichopewa.

Tolkien alilazimika kumtaja Dernhelm kwa kiwakilishi cha kiume ili siri isivuje. Mfasiri wa Kiswahili hana taabu hiyo: "alipanda farasi" haisemi kama ni binti au kijana. Kiganda vilevile. Lakini Kampala siri ingevuja kwenye salamu, maana mwanamume huitwa ssebo na mwanamke nnyabo, tena kwa desturi ya Buganda mwanamke hupiga magoti. Msichana wetu angehitaji kuyafunza magoti yake kabla ya kutafuta ndevu za bandia. Wambejja tu, mabinti wa ukoo wa Kabaka, mfalme wa Buganda, wasingehitaji hila hiyo: wao huitwa ssebo hata wakiwa wamevaa gomesi, vazi la kike.

Portia alifika kwetu mwaka 1969 ndani ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere. Mfasiri huyo alikuwa mwanafunzi wa Makerere kuanzia 1943, chuo kilipokuwa cha wanaume watupu, na kaulimbiu ya chuo, kwa Kiswahili, ingekuwa "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 walipokelewa wanawake sita. Kaulimbiu ikabadilishwa, na tangu hapo Makerere inasema inajenga kwa ajili ya siku zijazo.